Kwa nini punguzo la bei halipunguzi gharama za TEHAMA

Mkataba wa huduma za TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) unapokaribia kwisha, mazungumzo yake hujulikana hata kabla hayajaanza. Mteja anataka punguzo la asilimia kumi. Mtoa huduma analia kwamba faida yenyewe ni kiduchu. Vuta nikuvute ya wiki kadhaa, wanakutana katikati, wanasaini, na kila upande unaondoka na ushindi wa kumpelekea bosi. Mwaka unaisha, idara ya fedha inajumlisha ankara zote, jumla iko palepale au imepanda. Malipo ya kila mwezi yameshuka kweli. Ila zimeongezeka ankara za maombi ya mabadiliko, saa za ziada, na kazi ambazo "hazikuwemo kwenye mkataba". Wale wahandisi wawili waliokuwa wanaujua mfumo nje ndani wamehamishiwa kwa mteja mwingine, na mahali pao wamekuja vijana wanaojifunzia kazi kwenye seva zako.

Hakuna aliyedanganya. Bei na gharama ni vitu viwili tofauti, na wiki zote zile watu walikuwa wanazungumzia bei.

Gharama ni kazi inayofanyika: saa za mafundi, leseni, mitambo, umeme, hifadhi ya data. Bei ni makubaliano ya nani anabeba sehemu gani ya gharama hiyo. Ukishusha bei bila kupunguza kazi, kazi iko palepale, na mtu atailipia kwa njia moja au nyingine. Mara nyingi mtu huyo ni mteja yuleyule, miezi michache baadaye, kupitia mlango wa nyuma.

Fedha inakwenda wapi hasa

Kwenye mikataba mingi ya kuendesha mifumo, fungu kubwa huliwa na muda wa watu. Kisha zinafuata leseni na mitambo, au huduma za wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti. Halafu kuna fungu ambalo haliandikwi kwenye ankara yoyote, nami napenda kuliita bei ya wasiwasi. Mtoa huduma asiyejua utamtumia tiketi ngapi (yaani maombi ya msaada yanayosajiliwa kwenye mfumo), utabadilisha mawazo mara ngapi, wala utamlipa lini, huongeza kiasi cha kujikinga. Ni haki yake. Nawe ukikosa kumwamini huongeza chako: wakaguzi, wanasheria, na maofisa wa kuhakiki kila saa aliyoidai. Fedha ya pande zote mbili inakwenda kwenye kulindana.

Tutumie tarakimu za kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme katika kila 100 unazolipa, 12 ni faida ya mtoa huduma, 8 ni ile kinga, na 80 ni kazi na mitambo. Ukimbana mpaka akaachia nusu ya faida yake, umeokoa 6, na umejipatia mtu mwenye kila sababu ya kuzirudisha. Ukipunguza kazi kwa robo, umeokoa 20 na faida yake hujaigusa. Mkizoeana kiasi cha kupunguza ile kinga kwa nusu, ni 4 nyingine. Mjadala wenye maana uko kwenye hizo 24. Kasoro yake ni moja tu: hakuna upande unaoweza kuzifikia peke yake.

Safari ya tiketi moja

Mfano wa karibu kabisa ni tiketi ya kumfungulia akaunti mfanyakazi mpya. Kila taasisi inaijua.

Mfanyakazi anaanza Jumatatu. Meneja wake amejaza fomu Ijumaa jioni, na kwenye kisanduku cha mifumo anayohitaji ameandika "kama wenzake". Fundi wa dawati la huduma hajui wenzake ni nani, anairudisha fomu. Saa ya mkataba, ile inayopima muda wa kukamilisha ombi, inasimama kwa sababu tiketi sasa "inamsubiri mteja". Meneja yuko kikaoni, anajibu Jumanne mchana. Fundi anafungua akaunti, lakini mfumo wa malipo unataka idhini ya mhasibu mkuu, kwa hiyo tiketi inahamia timu nyingine. Timu hiyo inakuta jina halimo kwenye orodha ya wafanyakazi, kwani idara ya rasilimali watu huingiza majina mapya mara moja kwa wiki. Tiketi inarudi ilikotoka. Wakati huohuo mfanyakazi amepiga simu mara mbili kuulizia, na kila simu imefunguliwa tiketi yake. Ijumaa anaingia kwenye mfumo. Kazi ya kitaalamu katika yote hayo haizidi dakika ishirini. Zilizobaki ni danadana.

Fomu ile ni ya mteja. Ratiba ya kuingiza majina ni ya mteja. Kumbukumbu zinazoonyesha kwamba tiketi za aina hii ndizo zinazorudishwa mara nyingi ziko kwenye mfumo wa mtoa huduma, na hakuna aliyemwomba azitoe. Pengine hata yeye hana hamu ya kuzitoa, maana analipwa kwa idadi ya tiketi, na tiketi moja iliyozaa nyingine mbili ni malipo matatu.

Dawa yake haihitaji teknolojia ya ajabu. Fomu inabadilishwa ili meneja achague cheo badala ya kuandika sentensi, na kila cheo kinakuwa na orodha yake ya mifumo. Idhini inatolewa mara moja kwa cheo kizima. Mfumo wa rasilimali watu unaunganishwa na ule wa akaunti ili jina likiingia upande mmoja lionekane upande wa pili. Kazi ya kwanza na ya pili ni za mteja pekee, ya tatu ni ya mtoa huduma. Kila mmoja akifanya nusu yake bila mwenzake, danadana inaendelea. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za dawati la huduma, lakini wangelitambua.

Huduma za wingu zina sura hiyohiyo, na hesabu yake ni ya wazi zaidi. Wiki ina saa 168. Seva za majaribio zinazotumiwa na waandishi wa programu kwa saa kumi kwa siku, siku tano, zinafanya kazi saa 50. Zikiachwa zinawaka usiku na mwisho wa wiki, takriban asilimia 70 ya saa zinazolipiwa hazina mtumiaji. Mtoa huduma anajua jinsi ya kuzizima na kuziwasha kwa ratiba, ila hathubutu kugusa seva asiyojua ni ya nani. Mteja anajua ni ya nani, ila hajui kwamba inawaka. Leseni za watu walioacha kazi miezi sita iliyopita ni habari hiyohiyo.

Unacholipia ndicho utakachokipata

Kulipa kwa tiketi kunaonekana ni haki: kazi zaidi, malipo zaidi. Lakini kunamfanya mtoa huduma afaidike na matatizo yako. Fundi akigundua kwamba hitilafu inayojirudia kila Jumatatu inatokana na mpangilio mmoja mbovu, kuurekebisha ni kukata mapato ya mwajiri wake. Hatahujumu. Atakuwa na mambo mengine ya haraka, basi.

Kulipa kiasi maalumu kwa kila mtumiaji kunageuza mwelekeo. Sasa kila tiketi ni gharama kwake, naye atazitafutia dawa ya kudumu. Atatafuta pia njia za mkato: kufunga tiketi kabla tatizo halijaisha, au kufanya kupiga simu kuwe na usumbufu kiasi kwamba watu wanakata tamaa na kumwomba jirani yao wa mezani awasaidie. Kwa hiyo malipo ya namna hii yanataka kipimo cha kuyalinda, na ninachokiamini zaidi ni idadi ya tiketi zilizofunguliwa tena baada ya kufungwa. Ni vigumu kukichezea bila kuonekana.

Njia ya tatu ni kugawana akiba. Mnakubaliana kwamba kazi fulani inakula saa kadhaa kwa mwezi, mnaipunguza pamoja, kilichookolewa kinagawanywa. Kwenye karatasi inavutia. Kinachoiua ni mabishano kuhusu mahali pa kuanzia kuhesabu. Mteja atasema tiketi zimepungua kwa sababu wafanyakazi wamepungua, mtoa huduma atasema ni kwa jitihada zake. Ndiyo maana kiwango cha kuanzia kinatakiwa kipimwe na kusainiwa kabla hata fomu moja haijabadilishwa, na kihesabiwe kwa kila mtumiaji ili kupanda na kushuka kwa idadi ya watu kusilete ugomvi. Mgawo wenyewe wa nusu kwa nusu kwa mwaka wa kwanza, kisha akiba yote ibaki kwa mteja, unatosha. Nimeona watu wakipigania asilimia 55 badala ya 50 mpaka akiba yenyewe ikapitwa na wakati.

Mantiki ya kuonyeshana takwimu haikuanzia kwenye TEHAMA. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Walmart ilianza kuionyesha Procter & Gamble takwimu za mauzo ya bidhaa zake madukani, ili mzalishaji apange mwenyewe upelekaji wa mzigo badala ya kusubiri oda. Mzigo uliolala maghalani ukapungua kwa wote wawili. Makampuni yale yalikuwa yameshavutana kwa miaka kuhusu bei kabla ya hapo.

Tisa moja ya ziada

Kuna gharama ambayo mteja hujiletea kwa kalamu yake mwenyewe siku ya kuandika zabuni: kiwango cha huduma kuwa hewani. Asilimia 99 inasikika kama ubora mkubwa, lakini inaruhusu zaidi ya saa 87 za kukatika kwa mwaka. Asilimia 99.9 inaruhusu saa 8 na dakika 46 hivi. Asilimia 99.99 ni kama dakika 53 kwa mwaka mzima, na ukiongeza tisa nyingine unabaki na dakika 5 na ushei.

Kutoka hatua moja kwenda nyingine siyo kuongeza bidii. Kwa saa nane kwa mwaka, unaweza kuwa na fundi anayeamshwa usiku na nakala rudufu zilizojaribiwa. Kwa dakika 53 huwezi kusubiri mtu aamke, avae, afungue kompyuta na kusoma kumbukumbu. Unahitaji mitambo miwili katika sehemu mbili, data inayonakiliwa papo hapo, na programu inayohamisha huduma yenyewe. Unahitaji pia kuujaribu uhamisho huo mara kwa mara, maana uhamisho usiojaribiwa ndio unaoshindwa siku ya shida.

Sasa angalia zabuni nyingi: kiwango kimoja kwa mifumo yote. Mfumo wa kupokea malipo ya wateja na mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za vikao vya mwaka juzi vinadaiwa tisa zilezile. Mwandishi wa zabuni hakutaka kuwaambia wakuu wa idara kwamba mifumo yao si muhimu sana. Mtoa huduma hakuuliza, kwa sababu anashindania kazi na swali kama hilo linaweza kuonekana ni kisingizio. Kikao kimoja cha pande zote mbili, chenye orodha ya mifumo na swali la nani anaumia na kwa kiasi gani mfumo huu ukizima saa nne asubuhi ya Jumanne, kinaweza kuokoa kuliko punguzo lolote. Swali linatakiwa liambatane na bei ya kila kiwango. Mkuu wa idara akionyeshwa kwamba tisa ya ziada inatoka kwenye bajeti yake, kwa kawaida hugundua kwamba anaweza kusubiri saa mbili.

Wahandisi wa Google walilipeleka wazo hili mbele kwa kile wanachokiita bajeti ya hitilafu. Huduma ikiahidiwa asilimia 99.9, basi kwa mwezi wa siku 30 ina ruhusa ya kama dakika 43 za kukosekana. Dakika zikiwa hazijaisha, timu ina uhuru wa kuingiza mabadiliko mapya. Zikiisha, mabadiliko yanasimama mpaka mfumo utulie. Uzuri wake ni kwamba anayetaka mambo mapya haraka na anayetaka mfumo usiguswe wanasoma tarakimu moja. Mteja na mtoa huduma wanaweza kuigiza utaratibu huo bila kuwa na ukubwa wa Google.

Mkataba hauwezi kubeba yote

Wapo wanaoamini kwamba mkataba ukiandikwa vizuri vya kutosha, haya yote yatajipanga. Wanauchumi wawili, Oliver Hart na Bengt Holmström, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kazi yao kuhusu mikataba, na mchango mkubwa wa Hart ni kuonyesha nini kinafuata mkataba unapokuwa na mapengo. Yatakayotokea ni mengi kuliko yanayoweza kuandikwa. Katika TEHAMA hilo halihitaji kuthibitishwa: mkataba wa miaka mitano unasainiwa leo kuhusu teknolojia ambazo nyingine hazijatengenezwa.

Oliver Williamson, aliyepata tuzo hiyohiyo mwaka 2009 pamoja na Elinor Ostrom, alieleza jambo la pili. Kabla ya kusaini, mteja ana wazabuni wengi wa kuchagua. Akishasaini, mshindi anaanza kujifunza mifumo yake, anaweka watu, anaandika programu za kuunganisha, na baada ya mwaka hakuna mwingine anayeweza kuingia bila hasara. Ushindani wa mwanzo umegeuka ndoa ya watu wawili. Mteja anayeendelea kusema "tutatafuta mwingine" anatisha kwa silaha ambayo wote wanajua haina risasi.

Tena mshindi mwenyewe huenda alishinda kwa kukosea. Mwaka 1971, wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini makampuni yaliyoshinda minada ya vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Meksiko yalikuwa yanapata faida ndogo kuliko yalivyotarajia: anayeshinda ni yule aliyekadiria thamani ya kitalu juu kuliko wote. Zabuni za TEHAMA zinazotolewa kwa bei ya chini kabisa ni mnada uleule uliopinduliwa. Aliyetaja bei ndogo kuliko wote mara nyingi ndiye aliyeielewa kazi kidogo kuliko wote. Akigundua, atajifidia kwenye maombi ya mabadiliko, na huko ndiko zilikotoka zile ankara za mwanzo wa makala hii.

Vilevile kuna hatari ya kukabidhi kila kitu. Benki ya JPMorgan Chase ilisaini na kampuni ya kompyuta ya IBM mkataba wa miaka saba wa dola bilioni 5 mwishoni mwa 2002, wafanyakazi wapatao 4,000 wakahamia kwa mtoa huduma. Baada ya kuungana na Bank One, benki ilivunja mkataba mwaka 2004 na kuwarudisha watu ndani. Kampuni ya magari ya General Motors nayo mwaka 2012 ilitangaza kugeuza uwiano wake: kutoka takriban asilimia 90 ya kazi za TEHAMA kufanywa na watu wa nje hadi asilimia hiyohiyo kufanywa ndani. Sisemi kwamba kutumia watoa huduma ni kosa. Ninachokiona ni kwamba mteja asiyebakiza watu wanaoielewa mifumo yake hawezi kushirikiana na mtu, kwani hana cha kuleta mezani zaidi ya malalamiko.

Ripoti za kijani

Watu wa fani wana jina la ripoti zinazong'aa huku watumiaji wakiteseka: tikiti maji, kijani nje, nyekundu ndani. Seva ilikuwa hewani asilimia 99.95, tiketi zilijibiwa ndani ya dakika kumi na tano, vipimo vyote kijani. Lakini mhasibu alishindwa kufunga hesabu za mwezi kwa sababu kitufe cha kuchapa hakikufanya kazi, na "kujibiwa" kulimaanisha kutumiwa ujumbe kwamba tiketi imepokelewa. Pale adhabu ya faini inapofungwa kwenye kila kipimo, mtoa huduma mwenye akili timamu atafunika kombe mwanaharamu apite. Ukweli utajulikana siku mfumo unapoanguka, na kuanguka ni ghali.

Ndiyo sababu nashauri faini zibaki chache na kwa mambo mazito tu, kama kupotea kwa data au kukatika kulikozidi kiwango. Vipimo vingine viwe vya kujifunzia. Mtoa huduma anayeweza kusema mapema "hapa tulikosea" bila kukatwa fedha palepale anaokoa saa nyingi za kutafuta mchawi.

Hayo hayamaanishi kufumba macho. Ushirikiano usio na ukaguzi huzaa urafiki wa mameneja wawili kwa fedha ya taasisi. Mteja ana haki ya kuona gharama halisi za mtoa huduma kwa kazi ambazo akiba yake inagawanwa, kulinganisha viwango na soko kila baada ya muda, na kuwa na mpango wa kuondoka: nyaraka zilizo hai, data katika muundo unaosomeka kwingine, na umiliki wa programu za kuunganisha ulioandikwa wazi. Kipo hata kiwango cha kimataifa cha kusimamia mahusiano ya aina hii, ISO 44001, kilichotolewa mwaka 2017, kwa wanaohitaji muundo wa kufuata. Wengi hawauhitaji ili kuanza. Wanachohitaji ni orodha ya aina za tiketi zilizopangwa kwa saa zilizokula, mafundi wawili watatu wanaozishughulikia kila siku, na upande wa mteja watu wenye mamlaka ya kubadilisha fomu.

Limebaki jambo moja ambalo vikao vya namna hii hulikwepa. Kazi ikipungua kwa robo, wale mafundi waliokuwa wanaifanya wanakwenda wapi? Wao ndio wanaojua danadana zinatokea wapi, nao wanajua fika kwamba wakizitaja wanajipunguzia kazi. Wasipopewa jibu watakaa kimya, na mpango mzima utabaki kwenye slaidi. Mpango ninaouona unafaa ni huu: saa zitakazookolewa katika mwaka wa kwanza zielekezwe kwenye kazi zilizorundikana, kama seva za zamani zisizopata tena masasisho ya usalama, nyaraka ambazo hazijawahi kuandikwa, na majaribio ya nakala rudufu yanayoahirishwa kila robo mwaka. Mteja anaendelea kulipia saa hizo, anapata kazi ambayo angeiagiza kwa ankara ya ziada, na hakuna fundi anayeondolewa kwa sababu ya wazo alilolitoa. Hilo liandikwe na kusainiwa na pande zote mbili, kisha ndipo mafundi waitwe waulizwe ni tiketi zipi zinazowapotezea muda.